Baba Asiyekuwemo Kwenye Picha

Twalib alikuwa mtia maneno. Kama hujawahi kumwona mtia maneno, ni yule mtu anayekaa kando ya picha na maiki mkononi, filamu ya Kichina au ya Kihindi inapita, naye anawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili. Mzee, mtoto, jambazi, bibi harusi, wote yeye. Hata mbwa akibweka, Twalib atakueleza anamtukana nani. Dar es Salaam kazi hiyo ilimlisha na kumvisha. Hapa Johannesburg haikumlisha, maana riziki yake ilikuwa kubeba majora ya vitambaa kwenye duka la jumla mtaa wa Fordsburg, lakini kila Jumapili alasiri alikuja kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa wangu, akafunga shuka jeusi dirishani, akawasha projekta, na watu wakajaa mpaka mlangoni: Watanzania, Wakongo, Warundi, Wakenya wawili watatu. Sitajifanya nilimpa chumba kwa mapenzi ya sinema. Nilimpa kwa sababu watu wakikaa wananunua sambusa.

Mimi ni Tabia, mtu wa Tanga, na ulimi wangu mtaa mzima unaujua. Kabla ya mgahawa nilifanya kazi miaka mingi mtaa wa Observatory, nyumbani kwa bibi mmoja Mwingereza, nikampikia na kumsomea magazeti mpaka macho yake yalipofungwa. Kwa hiyo Kiingereza nakisikia. Twalib hakukisikia. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani: bei gani, ngoja kidogo, hakuna shida, bosi hayupo. Kwenye picha za Kizungu alitazama macho na mikono ya watu, mengine akajaza mwenyewe. Mimi jikoni nasikia huyu mzungu anaomba chumvi, Twalib huku anasema, "Leo utanitambua, mwanaharamu wewe!" Nacheka mpaka machozi. Wala sikumsahihisha, maana watu hawakuja kumsikiliza mzungu.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Luqman, aliyemzaa na Brigitte, mwanamke wa Bukavu aliyekutana naye hapa hapa jijini, mtaa wa Yeoville. Brigitte alikuwa mpole kuliko sisi sote. Alipata kazi ya kutunza wazee Uingereza, huko juu kaskazini kwenye miji ya viwanda vilivyofungwa, akaondoka na mtoto, Luqman akiwa na miaka kumi na minne. Twalib alitakiwa kuwafuata. Atawafuataje? Karatasi yake ni ile ya kuomba hifadhi, ambayo kila ikiisha unapanga foleni upya, pasipoti hana, na ubalozi gani utamtazama? Miaka ikapita. Halafu Brigitte akaugua, na hakuugua sana, akafa. Luqman alikuwa na miaka kumi na saba.

Simu ya msiba Twalib aliipokea mezani pangu, sahani ya wali mbele yake. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Niko njiani, mwanangu. Nakuja. Usiwe na wasiwasi, baba yuko njiani." Wiki nzima alimwambia hivyo. Nilimkamata kwapani nikamvuta jikoni, nikamwambia, "Wewe mwanaume una wazimu? Unakwenda na nini, na ungo?"

"Da Tabia, mtoto amefiwa na mama yake. Unataka nimwambie siji?"

"Ndiyo, mwambie huji! Kukosa viza si kosa lako. Umwambie huwezi, mlie wote kwenye simu, basi."

Hakumwambia. Mazishi yakapita, na tangu hapo simu za Luqman zikawa fupi. Mzima, Papa. Kazi nzuri, Papa. Kwaheri, Papa. Mtoto alizaliwa hapa hapa, Kiswahili anakielewa chote, ila kukisema ni taabu, na kile Kiingereza chake cha kaskazini kilikuwa kinakwenda kasi, hata mimi lazima nitege sikio. Baba anasema Kiswahili, mtoto anajibu Kiingereza, kila mmoja anashika nusu.

Hapo ndipo Twalib alipoanza kutafuta picha za Uingereza. Si zile za malkia na mabibi wenye kofia. Alitaka Uingereza ya watu. Mteja wangu mmoja, Keziah, Mkenya anayefundisha mambo ya filamu chuo kikuu, akamletea flashi imejaa. Alikaa hapa na pilau yake akatueleza. Kule, alisema, kuna watengenezaji wa filamu ambao kwa miaka mingi wamependa kuonyesha maisha ya watu wa viwandani na bandarini, hasa vijana wao. Hawachukui mastaa. Wanakwenda mitaani kwenyewe, kwenye vituo vya basi na mageti ya shule, wanatafuta kijana asiyejua kuigiza. Na wengine hawampi kijana hadithi yote. Anaambiwa tu gonga mlango, wala hajui nani atafungua, ili akishtuka ashtuke kweli.

"Yaani wanamficha mtoto mambo yake mwenyewe ili alie vizuri?" nikamuuliza.

Keziah akacheka, akasema hilo hata wasomi hawajakubaliana.

Basi, zikaanza kuonyeshwa. Jamani, picha zile! Mvua asubuhi, mvua jioni. Nyumba za matofali zimeshikana ukuta kwa ukuta. Kijana wa miaka kumi na sita amevaa suruali ya michezo, anatembea, na kamera iko nyuma yake, nusu ya picha unatazama kisogo. Anatafuta kazi, anaipata, inakwisha. Mama yake amechoka. Wanapiga kelele jikoni. Siku moja moja anacheka na wenzake, wanakula chipsi juu ya ukuta. Kisha kijana anasimama kando ya barabara, anatazama mbali, na taa zinawaka.

"Imekatika?" Seif, fundi matairi, aliuliza mara ya kwanza.

"Haijakatika. Imekwisha."

"Imekwishaje na stelingi hajampiga mtu hata mmoja? Eish, Twalib, turudishie Wachina wetu!"

Twalib hakusikia la mtu. Yeye hakuwa anafuata hadithi, alikuwa anatazama mitaa. Alisimamisha picha katikati, akasema, "Duka hili! Luqman aliniambia kuna duka kama hili kwao." Alitazama viatu vya wale vijana kama vinaingiza maji. Akitoka hapo anaosha uso kwenye sinki langu, ananiambia, "Kule baridi kali, Da Tabia. Umeona yule mtoto hana kofia?"

Na watu, kwa kuwa hawana pengine pa kwenda Jumapili, wakazoea. Wakaanza kuwapenda wale vijana. Ila swali lao lilikuwa lile lile kila picha: "Baba yake yuko wapi?" Maana mle baba hayumo. Yuko jela, au yuko baa, au alikufa mgodini, au hatajwi kabisa. Twalib alishindwa kuwaambia hivyo. Akasema, "Baba yake yupo! Yuko safarini. Yuko njiani anakuja." Watu wakafurahi. Wiki iliyofuata akaongeza tena, na nyingine tena, mpaka ikawa ndiyo staili yake. Simu ikilia kwenye picha, Twalib anatoa sauti nzito: "Haloo mwanangu, ni baba, nimeshashuka stesheni!" Ukumbi unapiga makofi. Mimi jikoni namsikia mwenye nyumba anamwambia yule mtoto ahame kabla ya Ijumaa.

Nilimkanya. Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Akanijibu kwamba mtia maneno anayesema yaliyomo tu ni redio.

Mwaka jana Luqman akasema anakuja likizo. Sijapata kumwona Twalib vile. Alipaka rangi chumba chake cha Fordsburg, akanunua kitanda cha pili, akazungumza na tajiri wake wa vitambaa, na tajiri akasema kijana ana kazi dukani, mbele kabisa, kwa wateja, maana anajua Kiingereza cha Wazungu. Twalib alitaka kitu kimoja tu duniani: mtoto akija asirudi. Alimwambia imamu, alimwambia Seif, aliniambia mimi mara mia. "Niombee, Da Tabia. Abaki. Namtaka abaki." Nami nilimwombea, wallahi, kila sala.

Akaja. Mrefu, mkimya, miaka ishirini na miwili, sura ya Brigitte tupu. Alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la vyakula vya kugandisha. Twalib alimzungusha mtaa mzima kumtambulisha, akamwonyesha kitanda, duka, msikiti, mahali pa kukata nywele. Aliongea tangu asubuhi mpaka usiku. Luqman alitabasamu na kuitikia. Akichoka, alikuja jikoni kwangu, akajifunza kukunja sambusa. Vidole vyake vilikuwa na mabaka ya baridi, vyeupe kwenye ncha.

Nikamuuliza, "Hizi picha za kwenu anazoonyesha baba yako, kule mnazitazama?"

Alicheka, akanijibu kwa Kiingereza chake. "Anti, mtaani kwetu hakuna anayezitazama hizo. Hizo ni za watu wanaotaka kujua habari zetu. Sisi tunatazama za ngumi."

"Kwa hiyo ni uongo?"

Alifikiri kidogo. "Mvua ni kweli. Kazi ni kweli. Bosi wangu ananitumia ujumbe alfajiri, njoo au usije. Lakini wanatupiga picha tukiwa na huzuni tu. Mimi na mama tulikuwa tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta." Akakunja sambusa vibaya, akaifungua tena. Nilimwonea huruma, maana mtoto huyu tangu aje hakuwa amemtaja mama yake hata mara moja.

Jumapili ikafika. Twalib alitaka mtoto amwone akiwa kazini. Alivaa shati jipya, akamkalisha Luqman kiti cha mbele, watu wakampa mkono. Picha yenyewe Twalib hakuwa ameitazama kabla. Hakuwa na desturi hiyo, aliitia tu na kwenda nayo.

Ilikuwa ya kijana aliyefiwa na mama. Nilitoka jikoni na sinia la chai nikamwona ukutani, amekaa kwenye ngazi za nyumba amevaa suti nyeusi ya kuazima, mabega yake hayaijazi. Nje kuna gari la maiti. Mwanamke mmoja wa ofisi ya mazishi akainama akamuuliza kwa upole kama kuna mtu mwingine anayekuja. Kijana akasema hapana, hakuna.

Twalib akavuta pumzi, akashika maiki kwa mikono miwili. "Tumngoje kidogo, mama! Baba yuko njiani!"

Watu wakapiga makofi kama walivyozoea. Seif akapiga mluzi. Luqman akasimama. Alisimama mbele ya projekta, yule kijana wa Kizungu na ngazi zake wakawa juu ya shati lake.

"Papa. Hapana," alisema. "Sema vile iko."

Kilikuwa Kiswahili cha mama yake, cha Bukavu. Twalib akacheka, kile kicheko cha kutaka ukumbi usipoe. "Kaa, mwanangu. Ndiyo utamu wenyewe huu."

"Hakuna baba pale. Sema vile iko."

Twalib alitazama ukuta, akatazama maiki. Hakuweza. Akaiweka maiki chini ya kiti. Picha ikaendelea kwa Kiingereza peke yake, watu wamekaa na vikombe vyao, hawajui waondoke au wabaki. Kisha Seif akainuka akashika kofia yake, na wengine wakamfuata, kila mmoja akimgusa Twalib begani anapopita.

Tukabaki watatu. Nikazima mashine. Nilitaka na mimi niwaachie nafasi, lakini Luqman akasema, "Anti, usiende. Nataka aelewe yote." Akaanza kuongea, kwa kasi, kwa ile lugha yake, bila kumtazama mtu. Twalib anamtazama midomo, anashika neno hapa neno pale. Akanigeukia. "Anasemaje?"

Miaka yote nimesema ovyo, sijawahi kukosa la kusema. Siku ile ulimi ulikuwa mzito. Mungu wangu, nilitamani nimpe kitu kingine, chochote.

"Anasema siku ya mazishi kulikuwa na mama wa ofisi. Alimuuliza kama kuna mtu wa kumngoja. Anasema alijibu ndiyo, baba yangu yuko njiani."

Twalib akafumba macho.

"Anasema alijua huji. Alijua tangu siku ya kwanza, aliangalia mwenyewe kwenye simu mambo ya viza, akaona haiwezekani. Lakini hakutaka wale watu wajue kwamba baba yake anamdanganya. Basi wakangoja. Wachimba kaburi wakangoja. Mchungaji akawa anatazama saa. Yeye akasimama anaangalia geti, kama mtu anayengoja kweli, mpaka mchungaji akamwambia, mwanangu, kuna mazishi mengine baada ya haya. Ndipo akawaambia gari lako limeharibika."

Twalib alilia. Sijui nitaeleza vipi, hakulia kwa sauti, alilia kama mtu anayejaribu kumeza kitu kikavu. Nami nikalia, na Luqman hakulia. Baada ya muda Twalib akauliza, "Walimvika nini, mama yake?" Luqman akamjibu: kile kitenge cha kijani alichotoka nacho Yeoville. Akauliza alikuwa na maumivu? Kidogo, mwishoni. Akauliza, na wewe ulilala wapi baada ya hapo? Kwa rafiki, kwenye kochi, halafu hosteli ya serikali, halafu kochi tena. Ulikula nini? Nani alikufulia? Nikafikisha kila swali na kila jibu, sikuongeza, sikupunguza.

Mwisho Twalib akasema, "Baki hapa, mwanangu. Chumba kipo, kazi ipo. Baki na mimi."

Luqman aliokota kikombe kilichoachwa sakafuni, akakiweka kwenye sinia. Kisha akasema, nami nikatafsiri, "Leo ndiyo mara ya kwanza umeniuliza kitu."

"Niliogopa nikikuuliza utaumia."

"Niliumia hata hivyo, Papa."

Luqman aliondoka katikati ya wiki. Tulimsindikiza stesheni ya Park, kwenye ile treni ya haraka inayopeleka watu uwanja wa ndege. Twalib hakuacha kuongea njia nzima. Kitanda hakiuzwi. Tajiri amesema nafasi itangoja. Desemba si mbali, mwakani si mbali. Luqman akamkumbatia, akamshika kichwa kwa nyuma kama unavyomshika mtoto, akakaa hivyo. Nilidhani labda moyo umelainika. Halafu akaja kwangu, akanibusu shavuni, akaniambia neno haraka haraka, akapita geti. Hakugeuka.

Twalib akanishika mkono. "Amesemaje?"

Nilimtazama uso wake. Shati lile lile jipya, ndevu amenyoa. Alikuwa ananisubiri kama watu wanavyomsubiri yeye Jumapili.

"Amesema usiwaambie watu kwamba atarudi," nikamwambia. "Harudi, Twalib."

Akaniomba nirudie. Nikarudia.